Namna ya kusoma rejista ya wagonjwa waliopimwa UVIKO-19

Rejista ya upimaji wa UVIKO-19 mara nyingi husomwa harakaharaka: mtu anahesabu waliokutwa na virusi, analinganisha na wiki iliyopita, kisha anaandika kwamba maambukizi yamepanda au yameshuka. Kwa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania usomaji huo unapotosha, kwa sababu barabara kuu inayopita Makambako na Mbeya kuelekea mpaka wa Tunduma ilileta kwenye kituo kimoja mgonjwa aliyebanwa na kifua na dereva mzima wa afya aliyetafuta cheti cha kuvukia, enzi ambazo cheti hicho kilidaiwa mpakani.

Kwa hiyo anza kwa kutenganisha sababu za kupimwa: wenye dalili, waliotangamana na mgonjwa, na wasafiri wasio na dalili. Tuseme wiki ya kwanza walipimwa wagonjwa 40 wenye dalili, wakakutwa na virusi 8, yaani asilimia 20. Wiki iliyofuata walipimwa watu 120, wakakutwa 12, na asilimia ikashuka hadi 10. Ukiipekua rejista unaona kwamba 80 kati yao walikuwa madereva, ambao wawili tu walikutwa na virusi, ilhali wagonjwa wenye dalili walibaki 40 na waliokutwa wakafika 10. Kumbe kwa wagonjwa asilimia imepanda hadi 25, na aliyetangaza nafuu ametangaza kinyume.

Pili, hesabu watu, usihesabu sampuli. Kipimo cha PCR, kile cha maabara kinachosaka vinasaba vya virusi, kinaweza kuendelea kunasa mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa baada ya mtu kuacha kuambukiza, hivyo mgonjwa aliyepimwa tena kabla ya kuruhusiwa asihesabiwe kama mgonjwa mpya. Linganisha jina, umri, kijiji na namba ya simu. Huku Rungwe na Kyela, ambako majina yanayoanza na Mwa- hujaza ukurasa mzima, jina peke yake halikusaidii kitu.

Panga wagonjwa kwa tarehe dalili zilipoanza, si kwa tarehe majibu yalipotoka, maana majibu yakichelewa maabara na kutoka kwa mkupuo utadhani umepata mlipuko wa siku moja. Tangu mtu aambukizwe, dalili huchukua takribani siku 3 hadi 5 kujitokeza, na siku hizo zinaweza kufika 14, kwa hiyo rudi nyuma kiasi hicho unapotafuta msiba, mnada au safari iliyowakutanisha watu. Nafasi ya tarehe ikiwa tupu, iache tupu.

Andika pia aina ya kipimo. Kipimo cha haraka cha antijeni, kinachotafuta protini za virusi, hukosa wagonjwa wengi kuliko PCR, hasa dalili zikishapita wiki moja.

Umri, jinsia na makazi vichambuliwe baada ya hapo, na kundi likiwa na watu wachache toa idadi kamili bila asilimia. Wakati wa baridi ya Juni na Julai mafua ya kawaida huongeza wanaopimwa, na asilimia inaweza kushuka hata kama virusi havijapungua. Wasiokutwa na virusi nao wasisahaulike: mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu.

Katika taarifa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kila asilimia iambatane na idadi ya waliopimwa na sababu iliyowafanya wapimwe.