Konde la mtaa: kulima pamoja na kutunzana

Anzeni mwezi wa tisa. Vuli huku Pemba huingia Oktoba, na kikundi kinachokutana mara ya kwanza mvua ishanyesha hugombania majembe tu. Mimi nalima na kina mama na vijana wa mtaani kwetu, hapa Wete.

Ardhi kwanza. Mwendeeni mwenye konde, mkubaliane mbele ya sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani, na muandike ni kwa miaka mingapi. Ulizeni na miti. Huku kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mikarafuu iliyomo ikawa ya mwengine, naye asipoulizwa mapema ugomvi huja siku ya kuvuna.

Majani msichome. Yatandazeni juu ya matuta, yazuie jua na yaoze humo humo. Makumbi ya nazi yafukieni chini ya mashimo ya migomba, hushika maji siku nyingi. Kinyesi cha ng'ombe kiacheni kipoe kwanza, kikiwa kibichi huunguza miche. Kama konde lina mteremko, matuta yaukate mteremko na ukingoni pandeni mchaichai: mizizi yake huzuia udongo, na chai mnapata. Katikati ya muhogo tieni kunde, na mkishavuna mizizi iacheni ardhini, inaulisha udongo.

Sasa watu, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Kila mmoja apewe kazi anayoiweza. Bibi asiyeweza kuinama akae kivulini achague mbegu za kunde na njugu mawe. Macho yake yanajua mbegu kuliko ya kijana yeyote. Mwenye presha amwagilie mchicha jioni jua likishapoa. Asiandikwe mtu daftarini kwa kukosa kazi. Akikosa mara mbili, waende wawili nyumbani kwake kumjulia hali, na habari za jembe wasizitaje. Sisi tulikwenda hivyo kwa mwenzetu mmoja aliyeharibikiwa na mimba, akawa hatoki ndani. Hatukumwambia kitu cha maana, tulikaa naye tu. Baada ya muda akaja mwenyewe, akawa anachambua mchicha pamoja nasi bila kusema, na maneno yakamjia polepole, mikono ikiwa kazini. Naamini asingeyasema tungemkalisha kitako tukamhoji.

Tengeni fungu la mgonjwa tangu siku ya kupanda, msingoje mavuno. Sisi tumelitengea matuta ya mchicha karibu na kisima, kwa kuwa mchicha huwa tayari kwa wiki tatu au nne na hauishi. Aliyejifungua, aliyefiwa, anayeuguza, hupelekewa fungu mlangoni na mtoto, asubuhi, bila kutangazwa.

La mwisho ni futari. Muhogo unataka miezi tisa hadi kumi na mbili, na Ramadhani hutangulia siku kama 11 kila mwaka. Basi hesabuni kurudi nyuma kutoka Shaabani, mwezi ulio kabla ya Ramadhani, ndipo mjue mwezi wa kupanda, na safu za futari zitieni alama ya vijiti ili asing'oe mtu kabla ya wakati. Majimbi yapandeni pale penye unyevu, chini bondeni. Ikifika mwezi wa Shaabani, kaeni muandike nyumba zisizokuwa na mtu wa kulima, na hizo ndizo zianze kupelekewa.