Kobe hana kushiba, mpimie wewe

Wadau mnaofuga kobe hapa Dar, sikilizeni hili. Kobe akikuona tu anakuja na shingo nje kama hajala wiki nzima. Usimwamini. Kipimo changu ni gamba lake: rundo la majani lisilozidi ukubwa wa gamba, mara moja kwa siku, asubuhi akishaota jua. Mdogo anayekua mpe kila siku. Mkubwa aliyekomaa, hasa kama ana uwanja wa kuchunga nyasi, hata ukimpa siku moja na kuruka inayofuata si mateso.

Nyasi na magugu ndiyo chakula chenyewe. Ongeza matembele au majani ya maboga kidogo. Mchicha tunaoununua kwa fungu kila jioni usiwe wa kila siku, kwani una oksalati, kemikali ya asili ya majani inayozuia mwili kupata kalsiamu, na gamba linahitaji kalsiamu. Embe na papai, kipande mara chache tu. Kobe wa nchi kavu kama wetu tumbo lake ni la nyuzinyuzi, sukari inamharisha. Ugali, mkate, wali wa jana: hapana kabisa, hata mtoto akililia kumlisha.

Maji ya kunywa yawe kwenye sahani pana, ya kina kifupi, na uyabadilishe kila siku.