Kabla hujapanda mtumbwi kwenda kambini, kachome sindano ya pepopunda

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kwenda kambi ya dagaa, soma hapa kabla hujafunga begi.

Jaketi okozi liwe lako, usitegemee la kuazima. Chandarua beba. Simu funga kwenye mifuko miwili ya nailoni. Maji ya kunywa chemsha, na usiogee penye majani kandokando ya ziwa, kuna kichocho.

Sasa sindano. Hapa nisikilize vizuri.

Mdogo wangu alikanyaga msumari mwaloni, upande wa Ukerewe, wakikokota mtumbwi. Tundu dogo, damu kidogo. Wakampaka majivu, akavaa kandambili, akarudi kuanika dagaa. Siku ya nane tonge la ugali likamshinda, mdomo haufunguki. Wenzake wakasema jino. Kesho yake shingo ikakakamaa, mgongo ukapinda kama upinde. Mtu akigonga sufuria tu, mwili mzima unakaza. Wakasema mashetani. Na akili zake zilikuwa timamu muda wote. Alikuwa ananiangalia huku machozi yanamtoka.

Si kutu inayofanya hivyo. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na samadi, na vikiingia kwenye tundu refu lisilo na hewa hutengeneza sumu. Sumu hupanda ndani ya mshipa wa fahamu, yaani neva, hadi uti wa mgongo. Pale neva moja inapopakana na nyingine kuna mwanya mdogo sana, na ujumbe huuvuka kwa kemikali zinazotunzwa kwenye vifuko. Mbili kati yake, glaisini na GABA, ndizo breki: hutuliza neva inayoamrisha msuli ukaze. Sumu hukata protini inayoviwezesha vifuko hivyo kufunguka. Amri ya kukaza inapita, breki imefungiwa ndani. (Sumu ya botulinamu, ile ya chakula cha kopo kilichoharibika, nayo hukata protini za kundi hilo, ila kule neva inapogusa msuli, mgonjwa hulegea mpaka pumzi inamshinda.)

Dawa huikamata sumu ambayo bado haijaingia kwenye neva. Iliyokwisha kuingia haitoki, unasubiri neva ziote ncha mpya. Mdogo wangu alilala wiki tano kwenye chumba cha giza, tunaongea kwa kunong'ona. Akapona, na bado ikabidi achanjwe, maana kuugua pepopunda hakukupi kinga.

Wanaume ndio tunaojisahau. Wake zetu huchomwa kliniki wakiwa wajawazito, sisi tuna zile za utotoni tu. Ukishamaliza dozi zako, rudia kila baada ya miaka 10. Ukipata jeraha chafu na imepita miaka 5, chomwa tena. Jeraha lioshe kwa maji mengi na sabuni, usipake majivu wala samadi, na panda chombo cha kwanza kwenda kituo cha afya hata kama huumwi.

Vaa gambuti. Mbao kuukuu ng'oa misumari kabla ya kuzitupa. Nauli ya dharura ifiche usiile, na namba ya tajiri wa kambi waachie nyumbani.