Somo: Namna ya Kwenda Sokoni na Mtoto Mdogo

Somo hili ni kwa akina baba wanaotamani kwenda sokoni na watoto wao lakini wanahofia msongamano na vilio. Kila Jumamosi mimi huenda Soko la Buguruni, Dar es Salaam, na binti yangu wa miaka minne, na nimeona kwamba mtoto aliyepewa kazi ya kweli hutulia, ilhali anayeburutwa tu nyuma ya kapu huchoka mapema na kulia.

Hatua ya kwanza: maandalizi ya nyumbani. Mtoto anywe uji na kushiba, avae viatu vinavyofunga mguu (kandambili huchomoka kwenye matope), na mfukoni mwake uweke karatasi yenye namba yako ya simu. Orodha iandaliwe pamoja naye. Kwa kuwa binti yangu bado hajui kusoma, mimi humchorea nyanya, nazi na bamia, naye huweka alama kila tunapopata kimoja. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, kapu ni la lazima, hivyo mpe naye kikapu chake kidogo.

Hatua ya pili: fika kabla ya saa mbili asubuhi, wakati njia kati ya vizimba bado zinapitika. Mtoto atembee upande wa vizimba, si upande yanakopita matoroli.

Hatua ya tatu: mpe kazi anayoiweza. Hapa ndipo penye utamu wote, na ninakusihi usiharakishe. Kwenye nazi, mwache aishike kwa mikono miwili, aitikise karibu na sikio na asikilize: nazi nzuri husikika maji yake, na isiyo na maji irudishwe. Kwenye bamia, muuzaji akiruhusu, avunje ncha ya moja tu. Changa hukatika mara moja, iliyokomaa hupinda bila kukatika. Mara ya kwanza binti yangu aliposikia ule mlio mdogo wa bamia kukatika, alimtazama muuzaji kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti, "Baba, hii ni nzuri!" Tangu siku hiyo bamia huchagua yeye. Viazi na vitunguu vinunuliwe mwanzo vikae chini ya kapu, nyanya ziwe za mwisho.

Hatua ya nne: malipo. Siku moja nilimwachia mkono nikitafuta chenji, nilipoinua macho hakuwapo. Nilimkuta vizimba vitatu mbele, kwa mama mmoja muuza mchicha aliyekuwa amemshika mkono, lakini dakika zile chache sitazisahau. Kwa hiyo sasa hela ndogo hukaa mfuko wa shati, na wakati wa kulipa mtoto husimama mbele yangu, kati yangu na meza. Nimemfundisha pia kwamba akipotea asimame palepale na amwambie mama muuzaji aliye karibu.

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Ndugu, nashukuru kwa somo. Wauzaji wengine hukasirika mtoto akigusa bidhaa zao. Unafanyaje?

Jibu: Salamu kwanza, ndugu yangu. Mtoto akisema "Shikamoo mama" na kusubiri marahaba, kisha akaomba kushika, ni nadra kunyimwa. Akinyimwa, tunashukuru na kuendelea, kwani bidhaa ni mali ya mwenyewe.

Swali: Kaka, wa kwangu ana miaka miwili. Naweza kuanza naye?

Jibu: Anza na genge la mtaani kwenu, kwa vitu viwili au vitatu, ukiwa umembeba. Mpe limau moja alishike hadi nyumbani. Soko kubwa lisubiri kidogo.

Swali: Akililia kila anachokiona je?

Jibu: Tunakubaliana tangu nyumbani kwamba atachagua kitu kimoja, naye hulipa mwenyewe kwa sarafu ya shilingi 500 niliyomkabidhi. Akiitumia kwenye muwa, kisha akalitaka fenesi, ninamkumbusha makubaliano kwa upole bila kumkaripia mbele za watu. Jumamosi iliyopita alizunguka na sarafu yake mkononi mpaka tunatoka, ndipo akanunua ndizi mbivu, moja yake na moja ya mdogo wake aliyebaki nyumbani.