Pilipili boga: namna ya kuipima na kuichagua kabla haijaingia jikoni

Mapishi mengi huandika "pilipili boga moja" na kumwacha mpishi akisie. Ya gramu 90 na ya gramu 200 zote ni moja, lakini ya pili ina nyama zaidi ya mara mbili. Tofauti hiyo inatosha kuifanya kima ya sambusa kuwa chepechepe. Kwa hiyo tuanze na kipimo.

Ukishatoa kikonyo, mbegu na kamba nyeupe za ndani, karibu asilimia 18 ya uzito imekwenda. Kilo moja ya sokoni hubakisha gramu 800 na kitu. Kubwa huingia tano kwa kilo, na kila moja hutoa gramu 160 hivi za kupikia. Za wastani ni saba kwa kilo, gramu 120 kila moja. Ndogo ni kumi na moja, gramu 75 kila moja. Kikombe cha kupimia kilichojaa vipande vidogo vya mraba ni gramu 150. Ukizikata ndefu ndefu, kikombe hicho hicho hubeba gramu 90 tu, kwa sababu vipande huacha nafasi katikati. Kata kwanza, ndipo upime.

Kama huna mizani, chukua uzi. Uzungushe pale pilipili ilipotanuka zaidi, kisha uulaze kwenye rula. Sentimita 24 ni kubwa, 20 ni ya wastani, chini ya 18 ihesabu ndogo. Ila uzi hauoni unene wa nyama. Pilipili mbili zenye uzi mmoja zinaweza kupishana sana uzito, moja imeshiba na nyingine ni hewa tupu. Zibebe mkono huu na huu, uchukue nzito.

Kwenye masoko ya Zanzibar kama Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, zikiwa zimepangwa mafungu, usilinunue fungu kwa kutazama zile za juu. Muombe muuzaji ukazigeuze za chini. Tazama kikonyo: kikiwa kibichi na kina unyevu, haina siku nyingi tangu ichumwe, kikiwa kimekauka na kuwa rangi ya udongo, imekaa. Minya taratibu mabegani, karibu na kikonyo, kwa sababu ndipo uozo unapopenda kuanzia, hasa kwa zile zilizovuka bahari kwenye matenga yaliyobebana. Kitundu kidogo hapo ni njia ya funza, na ndani mara nyingi utakuta ukungu mweusi, hiyo iache. Baka jeupe lililobonyea ubavuni ni la kuungua na jua. Baka jeusi kavu kitakoni hutokea mmea ulipokosa maji ya kutosha na madini yake ya chokaa (kalsiamu) hayakufika kwenye tunda. Mabaka hayo mawili, yakiwa makavu, yakate na sehemu iliyobaki utumie. Ngozi iliyokunjamana imepoteza maji tu. Haifai kachumbari, ila kwa mchuzi wa kuchemka haina tatizo, na hapo una haki ya kuomba bei ipungue.

Kuna maneno yanayozunguka kwenye simu kwamba yenye vitako vitatu, yaani vile vinundu vya chini, ni dume na yenye vinne ni jike, eti jike ndiyo tamu. Si kweli. Ua la pilipili lina sehemu za kiume na za kike pamoja, na kila tunda hubeba mbegu. Idadi ya vitako ina faida moja tu: yenye vinne husimama vizuri kwenye trei.

Utamu unatokana na kuiva. Ya kijani ni changa. Ikiachwa mtini huwa nyekundu, manjano au rangi ya chungwa kwa mujibu wa aina yake. Nyekundu ina sukari zaidi na vitamini C nyingi zaidi. Kijani ina uchungu kidogo, na uchungu huo unapendeza kwenye kachumbari na mishkaki. Kwa mchuzi wa nazi wa samaki, tia kijani dakika tano za mwisho. Ikichemka muda mrefu pamoja na tungule (nyanya) na ndimu, asidi huiharibu rangi ikawa kama majani makavu. Nyekundu huvumilia moto.

Kwa mishkaki chagua zenye nyama nene, ukate vipande vya sentimita 3. Nyembamba hupasuka kijitini na kuungua kabla nyama haijaiva. Kwa sambusa na katlesi, nusu kikombe kwa nusu kilo ya kima kinatosha. Katakata ndogo sana, nyunyizia robo kijiko cha chai cha chumvi, subiri dakika kumi, kisha kamua kwa kitambaa. Maji yatakayotoka ndiyo yangelainisha manda. Unapokata, laza ngozi chini na upitishe kisu upande wa ndani, kwa sababu ngozi inateleza na kisu huruka.

Za kujaza zinahitaji kipimo kingine. Kata kifuniko, toa mbegu, tia maji mpaka ukingoni, uyamimine kwenye kikombe. Zidisha kwa idadi ya pilipili zako, nawe utajua utayarishe nyama na wali kiasi gani bila kubakisha sufuria nzima. Wali uliokwisha iva jaza mpaka juu. Mchele mbichi usizidishe nusu, na utie mchuzi wa kutosha humo ndani. Hufura, na ukibanwa hupasua ukuta.

Usizioshe kabla ya kuweka, maana unyevu huleta ukungu. Ziweke droo ya mboga, mbali na sehemu yenye baridi kali ya friji: chini ya nyuzi 7 hufanya vishimo na kulainika. Zikiwa nyingi, kata, tandaza kwenye trei ndani ya friza mpaka zigande, ndipo utie kwenye mfuko. Hazishikani, na unachota kikombe unachotaka. Zilizoganda ni za kupika tu, hazirudi kuwa kachumbari.