Babu Alitoka Wapi? Kufuatilia Ukoo wa Familia Iliyohamia Mashamba ya Walowezi Nakuru

Familia nyingi za Njoro, Rongai, Solai, Subukia na Molo zina sentensi moja tu kuhusu mwanzo wao: babu alikuja kufanya kazi kwa mzungu. Alitoka wapi, na huko aliitwa nani, hapo masimulizi hukatika. Anayetaka kuyaunga huanza kwa kutafuta jina la babu, na ndipo anapopotea, kwa sababu jina lilibadilika upesi kuliko kitu kingine chochote. Shamba halikuhama. Chifu anajulikana. Ukoo haukusahaulika, maana ndio unaowazuia watu kuoana. Tafuta hayo matatu kwanza, jina litafuata.

Tazama majina yalivyovurugika. Mjaluo aliyezaliwa usiku ni Otieno, wa asubuhi ni Onyango, wa wakati wa mvua ni Okoth. Karani wa shamba aliandika Otieno, likawa jina la nyumba nzima, na leo wajukuu wa akina Otieno kumi wasio na undugu wowote wanasomeka kama familia moja. Wafula wa Kibukusu ni mtoto wa mvua, Wekesa ni wa mavuno. Kwa Wakalenjin "arap", yaani mwana wa, hufuatwa na jina la baba na huchukuliwa baada ya tohara, hivyo mtu mmoja huonekana kwa jina moja kabla ya tohara na lingine baada yake. Kwa Wakikuyu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo Mwangi wa 1925 na Mwangi wa 1975 ni watu wawili, na ukiwafanya mmoja mti wote unapinda.

Anzia nyumbani, sandukuni. Kusanya vitambulisho vya zamani, vyeti vya ubatizo, vya ndoa na vya kifo, hati za hisa za kampuni ya kununua mashamba, na barua. Piga picha kila karatasi mbele na nyuma; nyuma ndiko kulikogongwa mihuri. Ukibahatika utapata kipande, kile kitambulisho cha kazi cha enzi ya ukoloni. Sheria yake ilipitishwa 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya vita, mwaka wa 1919 na 1920. Kila mwanamume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 alitakiwa kuwa nacho, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Ndani yake mna alama za vidole, wilaya aliyotoka, na safu za waajiri: tarehe ya kuandikwa, mshahara, tarehe ya kuachishwa. Safu hizo ndizo dhahabu, kwa kuwa zinakupa mashamba kwa mpangilio. Nyanya hakuwa na kipande. Wanawake hawakupewa, kwa hiyo upande wao utaufuata kwa njia ya kanisa na ukoo.

Halafu wazee. Usimuulize mzee alizaliwa mwaka gani. Atakupa mwaka wa kwenye kitambulisho, na huo mara nyingi ulikadiriwa na karani kwa kumtazama uso. Uliza hivi (kuka ni babu kwa Kibukusu): "Kuka, ulipotahiriwa chifu alikuwa nani? Nzige walikuwa wamepita?" Nzige wakubwa walianza 1928 wakaendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Dhahabu ya Kakamega iligunduliwa 1931. Homa kuu ya mafua ilikuwa 1918. Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili tu, basi ukiambiwa tohara ilifanyika 1937, swali bado halijajibiwa. Rika nalo ni kipimo, ila lina mtego: majina ya marika ya Kibukusu na ya Kalenjin huzunguka na kurudi baada ya vizazi kadhaa, hivyo "Maina" peke yake haikupi karne. Uliza pia rika la baba yake.

Rekodi sauti kwa simu, na urudi siku nyingine uulize yaleyale. Majibu yakitofautiana usimsahihishe mzee. Andika yote mawili, pamoja na jina la msemaji, mahali na tarehe.

Uliza shamba liliitwaje na wafanyakazi, wala si na mwenyewe. Walowezi walipewa majina ya utani kwa sura au tabia zao, na wazee wanayakumbuka hayo tu. Ukiambiwa "kwa Masharubu", uliza shule iliyopo pale leo, mto unaopita, na stesheni ya reli iliyokuwa karibu, na kama lilikuwa la mkonge, pareto au mahindi. Mkonge unakuelekeza Rongai au Solai. Pareto, kwenye baridi ya Molo. Baada ya Uhuru mengi ya mashamba hayo yalinunuliwa na kampuni za wananchi au kugawanywa kama skimu za makazi, na namba ya kiwanja ya leo mara nyingi bado ina jina la bloku lililotokana na mnunuzi huyo.

Kanisani ndiko penye utajiri, na hapa usiwe na haraka. Magharibi mwa Kenya, Marafiki (Quaker) walifungua Kaimosi 1902, Waanglikana wa CMS, chama cha wamisionari wa Uingereza, wakawa Maseno kuanzia 1906, Waadventista wakaanza Gendia mwaka huohuo, na mapadre wa Mill Hill, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, walikuwa Kisumu na Mumias mwanzoni mwa karne. Daftari la ubatizo la Kikatoliki limeandikwa kwa Kilatini: jina la mtoto, "filius" au "filia" yaani mwana au binti wa nani, kisha "patrinus", msimamizi. Tarehe ndiyo huwaangusha wengi. "7bris" si Julai. Ni Septemba, kwa kuwa Kilatini huhesabu saba. Vivyo hivyo 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Ukikosea hapo, utampata mtoto aliyebatizwa kabla ya kuzaliwa.

Mapadre wengi wa Mill Hill walikuwa Waholanzi na Watiroli wa milima ya Alpi, nao waliandika kwa masikio ya kwao. Penye "ny" tazama pia "nj". Penye "kh" tazama "h". Penye "Chep" tazama "Jep". "L" na "r" zibadilishe kote. Andika maumbo yote unayoweza kuyafikiria kabla ya kwenda, kwa sababu ukiwa mbele ya daftari macho huona tu lile unalolijua.

Kisha soma ukingo wa ukurasa. Kanisa Katoliki liliagiza kwamba ndoa iandikwe pembeni ya ubatizo, hata kama ndoa ilifungwa parokia ya mbali. Mstari mdogo wenye jina la parokia ya Nakuru, pembeni ya mtoto aliyebatizwa Mumias, ndio uthibitisho wa safari nzima ya babu. Wengi hulipiga picha jina na kuuacha ukingo nje. Omba ruhusa ya paroko mapema kwa barua yenye majina na miaka unayotafuta. Mtu anayefika Jumapili akidai vitabu vyote hurudi mikono mitupu.

Ukikosa daftari, kumbuka mipaka ilivyohama. Hadi 1902 Nakuru na Kisumu zilihesabiwa ndani ya Uganda. Waanglikana wa magharibi walikuwa chini ya dayosisi ya Uganda hadi 1921, na Wakatoliki chini ya vikariati (jimbo la kimisionari) ya Nile ya Juu hadi 1925. Ripoti za miaka hiyo huenda zikawa ng'ambo ya mpaka.

Kumbukumbu za Taifa ziko Moi Avenue, Nairobi, na zina vituo Nakuru na Kakamega. Beba kitambulisho, penseli na pesa kidogo ya kadi ya msomaji. Usiombe faili kwa jina la babu; faili zimepangwa kwa ofisi. Katika alama za faili, PC/NZA ni mkuu wa mkoa wa Nyanza, DC/KSM ni Kisumu, DC/NN ni North Nyanza, DC/NKU ni Nakuru. Kabla ya 1948 North Nyanza iliitwa North Kavirondo, na kabla ya 1909 mkoa wenyewe uliitwa Kisumu. Usitarajie orodha ya maskwota, yaani wafanyakazi walioishi kwenye mashamba ya walowezi. Sheria ya 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka, lakini mikataba yao ilibaki mashambani na mingi ikachomwa au kuliwa na mchwa. Utakachokuta ni idadi, na majina ya machifu na wakuu wa milango, yaani matawi ya ukoo. Hayo yanatosha kuutambua ukoo.

Gazeti rasmi la serikali ndilo lisilotumika ipasavyo. Matoleo ya zamani yamewekwa mtandaoni na hutafutika. Matangazo ya urithi hutaja marehemu, mahali na tarehe ya kifo, na nani aliomba. Ya hati zilizopotea hutaja mmiliki na namba ya kiwanja. Tafuta kwa namba, maana mashine iliyosoma kurasa mara nyingi imegeuza "l" kuwa "1". Waliofia vitani 1939 hadi 1945 wamo kwa majina katika orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola. Makuli wa Kariakor, wabeba mizigo wa jeshi wa 1914 hadi 1918, wengi hawakuandikiwa hata kaburi. Cheti cha kuzaliwa kwa babu usikihangaikie: kwa Waafrika, uandikishaji wa lazima ulienea wilaya kwa wilaya kuanzia 1963 hadi 1971.

Mwisho ni kwenda kijijini penyewe, na hapa kosa si la karatasi. Mjukuu aliyetoka Nakuru na daftari mkononi anaonekana mtu wa kudai shamba. Pitia kwanza kwa naibu chifu, kisha kwa liguru (mzee wa kijiji), uende na mzee wa familia yako ikiwezekana. Usiulize mpaka wala kaburi siku ya kwanza, na ramani iache garini. Sema mapema, mbele ya watu: "Sikuja kwa udongo. Nimekuja kujua sisi ni wa mlango gani, watoto wasije wakaoana."