Kupanga somo la ushairi kwa Darasa la Pili: wiki nne zinazoanzia kwenye viganja

Walimu wenzangu, wengi wetu huanza kufundisha ushairi kwa kuandika ubaoni maana ya ubeti (kifungu cha mishororo), mshororo (mstari mmoja wa shairi) na vina (silabi za mwisho zinazofanana), kisha tunashangaa watoto wa miaka minane wanaposinzia. Naamini mpangilio huo umepinduka, kwa sababu mtoto wa Dar es Salaam huingia darasani akiwa ameimba kwa miaka kadhaa, akiruka kamba na kucheza rede, na kazi yetu ni kumwonyesha kile ambacho sikio lake limekwisha kukijua.

Hatua ya 1: Kusanya. Wiki ya kwanza toka nao nje, waimbe nyimbo za michezo yao, nawe uandike maneno kama wanavyoyatamka. Nakili wimbo mmoja kwenye bango, mwusome pamoja huku ukifuata maneno kwa kijiti. Usifafanue chochote bado.

Hatua ya 2: Mizani. Hapa usiwe na haraka. Wiki nzima si nyingi. Watoto wetu wamejifunza kusoma kwa silabi, ba, be, bi, bo, bu, na mizani ni silabi hizo hizo zikihesabiwa. Kila silabi ipigiwe kofi moja: da-la-da-la ni makofi manne, Ka-ri-a-ko-o ni matano. Jihadhari na maneno yanayoanza kwa m au n. Neno "mtu" lina makofi mawili, kwa kuwa m inasimama peke yake kama silabi, ilhali katika "mbuzi" m imeshikamana na b, hivyo tunapiga mbu-zi. Mwalimu asiyejiandaa hukwama hapo mbele ya darasa, kwa hiyo pitia maneno yako yote kwa makofi nyumbani kabla ya kipindi.

Hatua ya 3: Vina. Siku mbili au tatu zinatosha. Wewe taja "mbio", wao wajibu "kilio", "masikio", "ufagio". Siku ya kwanza kubali hata neno lisilo na maana.

Hatua ya 4: Tungeni pamoja. Mimi huanza na mishororo miwili kuhusu jambo wanaloliona kila asubuhi:

Daladala yaja mbio,
Tufungue masikio.

Kila mshororo una mizani 8. Darasa hutunga mishororo miwili mingine, wakijaribu maneno kwa makofi na kuyabadilisha mpaka hesabu itimie. Kule kubadilisha ndiko kutunga, na mtoto aliyefuta neno mara tatu amejifunza zaidi ya aliyekariri beti tano.

Hatua ya 5: Kughani. Wiki ya mwisho kila kundi lighani ubeti wake, yaani liusome kwa mahadhi, mbele ya wenzao, na ukiweza, mbele ya wazazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mbagala): Shikamoo mwalimu. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya mia moja. Makundi nitayasimamiaje?

Jibu: Marahaba. Tumia safu za madawati kama makundi. Safu moja ighani, inayofuata ipige makofi ya mizani, nyingine zisikilize kina. Ubeti mmoja wa darasa zima unatosha. Usijilazimishe kupata ubeti kwa kila mtoto.

Swali (Tegeta): Kwa nini mizani 8, wakati mashairi tuliyosoma sisi yalikuwa na 16?

Jibu: Mshororo wa tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) iliyozoeleka hugawanyika vipande viwili, cha kwanza ukwapi wenye mizani 8 na cha pili utao wenye 8. Mtoto aliyezoea 8 amekwisha kushika nusu ya mshororo huo, na akifika madarasa ya juu ataunganisha tu.

Swali (Kigamboni): Mtoto akitunga mstari wenye maana nzuri lakini mizani imezidi, nimsahihishe?

Jibu: Msifu kwanza kwa maana, kisha mwombe aupigie makofi mwenyewe. Mara nyingi ataisikia silabi iliyozidi kabla hujasema neno. Asipoisikia, mwachie mstari wake ulivyo, na neno "guni" (shairi lenye kasoro ya mizani au vina) lisitajwe kabisa katika umri huu.